Pacha Wangu, Nisome

Kila asubuhi saa kumi na mbili filimbi ililia mara mbili, na wasichana kumi wa bweni la kushoto wakaanza kuteremka kutoka kwenye vitanda vyao vya ghorofa, macho yamegandana, nywele zimesimama kila upande. Aliyelala chini alingoja kwanza miguu ya aliyelala juu ipite, maana siku ya pili tu ya safari mmoja alikuwa ameamshwa na kisigino cha mwenzake puani. Kisha wote walitoka hadi kwenye kamba za kuanikia. Kila mmoja alitafuta nguo zake za kuogelea, ambazo hazikuwahi kukauka sawasawa, akazivaa zikiwa baridi huku meno yakigongana.

"Hizi zangu zimelia usiku kucha," alisema Mnara akikamua ncha ya fulana yake. "Tazama machozi."

Mnara hakuwa mnara, alikuwa msichana wa miaka kumi na minne aliyezidi urefu hata baadhi ya walimu. Aliyesimama kando yake, akimfika kwapani, aliitwa Sisimizi. Jina hilo alilipata siku ya kwanza aliposhuka kwenye basi amebeba begi kubwa kuliko yeye mwenyewe. Wote wawili walikuwa wageni katika nchi ile, na kila mmoja alitoka nchi yake. Kulikuwa na wanafunzi ishirini, wamechaguliwa na shule zao kuja kukaa wiki tatu za likizo kando ya bahari, wakijifunza kuitunza.

Begi lile kubwa lilikuwa kazi ya mama yake Sisimizi. Mama alikuwa fundi cherehani na mtu wa wasiwasi. Mtoto akikohoa chumba cha pili, yeye alisimamisha cherehani asikilize kama atakohoa tena. Barua ya shule ilipofika kusema binti yake wa pekee amechaguliwa kwenda nchi nyingine, tena baharini, mama aliisoma mara nne, akaikunja, akaiweka chini ya kitambaa cha meza kama vile ingepotea yenyewe. Ni shangazi aliyemshawishi. Shangazi alileta soksi nene za kuvaa majini, jirani wa mlango wa pili akaleta taulo, mwalimu mkuu akaja mwenyewe nyumbani kueleza kwamba watoto huvaa majaketi ya kuokolea. Mama akatia sahihi. Halafu akafungasha begi, na katikati ya nguo akaweka bati la biskuti lililojaa plasta, pamba, uzi, sindano, chumvi na filimbi.

"Sharti langu ni moja," alimwambia. "Watu wengi wamekushika mkono ili uende. Na huko utashikwa na wengi zaidi. Kila jioni ukinipigia simu, nitakuuliza: leo umemshukuru nani? Nataka nisikie mtu, nisikie na alichofanya."

Sisimizi aliona sharti hilo jepesi. Na kweli lilikuwa jepesi, kwa siku kumi na moja.

Kambi yenyewe ilikuwa jengo refu la mabati lenye mabweni mawili, chumba cha kulia, ghala la vifaa na chumba kidogo cha muuguzi, ambaye kila mtu alimwita Sista. Baada ya uji na mkate, wanafunzi walichukua miwani ya maji, mirija ya kupumulia na mapezi ya mpira, wakateremka hadi kwenye gati la mbao. Huko chini, mwendo mfupi kwa mashua, kulikuwa na kitalu. Usidhani ni kitalu cha mboga. Ni kamba zilizofungwa kwenye fremu za chuma chini ya maji, na kwenye kamba hizo vimening'inizwa vipande vya matumbawe, kila kimoja kikubwa kama kidole gumba. Matumbawe ni viumbe hai ingawa yanafanana na mawe, na samaki wadogo hujificha ndani yake kama watoto ndani ya nyumba. Pale yalipokufa, samaki nao walihama. Kwa hiyo vipande vile vililelewa kitaluni mpaka vipate nguvu, kisha vipandikizwe kwenye mwamba.

Kila mwanafunzi alikabidhiwa kipande kimoja chenye kijibao cha namba. Cha Sisimizi kilikuwa namba arobaini na moja. Kwa kuwa hakuwa na ndugu, alikiita "Mdogo Wangu". Cha Mnara kilikuwa arobaini na mbili, nacho aliita "Shemeji" bila sababu yoyote. Kila siku walivisugua uchafu wa kijani kwa mswaki, taratibu, wakielea juu yake kifudifudi. Hivyo kila mtu alikuwa na miswaki miwili, mmoja wa meno na mmoja wa matumbawe. Mnara alipoikosea siku moja alitema mate kuanzia bombani mpaka chumba cha kulia, na mpishi akamuuliza kama bahari haikuwa na chumvi ya kumtosha.

Siku ya kumi na nane ndiyo ingekuwa siku ya kupandikiza. Kila mwanafunzi angeshuka na kipande chake, akikaze kwenye mwamba kwa mkono wake mwenyewe. Sisimizi aliihesabu siku hiyo kama watoto wanavyohesabu sikukuu.

Sasa, mwanangu unayesoma, shika vizuri jambo hili moja. Kabla ya kuingia mashuani palikuwa na kazi iliyoitwa kusomana. Wanafunzi walipangwa wawiliwawili, na kila mmoja alikuwa pacha wa mwenzake majini. Pale gatini, mapacha walisimama uso kwa uso. Mmoja alisema, "Pacha wangu, nisome," na mwenzake akamkagua toka utosini hadi unyayoni: macho, masikio, koo, ngozi, soksi zikavuliwa, vidole vya miguu vikatenganishwa. Kisha aliandika kwa penseli kwenye ubao mweupe wa plastiki: mzima, au si mzima. Hakuna aliyejiandikia mwenyewe.

"Kwa nini nisijisome mwenyewe, Sista?" Sisimizi aliuliza siku ya kwanza. "Mimi ndiye ninayejua ninapoumwa."

"Ndiyo maana," Sista alijibu, akishusha miwani yake puani. "Wewe ndiye unayejua, na wewe ndiye unayetaka kuogelea. Hao wawili wakikaa kichwa kimoja, anayetaka kuogelea ndiye atakayeshinda."

Mtu mwenye jeraha, hata dogo, alibaki pwani mpaka lifunge. Na juu ya sheria hiyo kulikuwa na nyingine iliyorudiwa na mkuu wa kambi kila siku mpaka watoto wakawa wanaiimba: usisimame juu ya matumbawe. Ukichoka, elea. Miwani ikiingia maji, elea. Mguu mmoja wa mtu unaweza kuvunja kilichokua kwa miaka mingi.

Siku ya kumi na mbili, mkanda wa miwani ya Sisimizi ulifunguka. Maji yakamjaa puani. Badala ya kuelea, alisahau kila alichoimba, akatafuta pa kukanyaga. Akakanyaga. Kitu kikavunjika chini ya pezi lake kwa mlio mdogo, naye akateleza, akahisi moto juu kidogo ya kifundo cha mguu. Alipotazama, soksi ilikuwa imechanika kipande, na uzi mwembamba wa damu ulikuwa ukipanda majini kama moshi.

Aliangalia huku na huku. Mnara alikuwa hatua chache mbele, kichwa chini, anamsugua Shemeji. Hakuna aliyeona.

Mashuani alikaa ameukunja mguu chini ya mwingine. Akisema ameumia, wataulizana ameumiaje, na jibu ni kwamba amesimama juu ya matumbawe, yeye aliyekuwa akiwakumbusha wengine. Halafu atabaki pwani, na siku ya kumi na nane haiko mbali. Alipofika bwenini alifungua bati la mama yake, akabandika plasta kubwa juu ya kidonda bila hata kukiosha vizuri, akavaa soksi nyingine. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo tu, urefu wa njiti ya kiberiti.

Jioni ile simu ya kambi ilipofika zamu yake, mama aliuliza kama kawaida:

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Hujaumia popote?"

"Mimi mzima kabisa, mama."

"Haya. Leo umemshukuru nani?"

"Mpishi," alisema. "Kwa... kwa chakula."

"Mpishi ulimtaja jana na juzi," mama alisema taratibu. "Na jana ulisema alikuongezea yai kwa sababu ulimsaidia kuosha masufuria. Leo chakula tu?"

"Dakika zangu zimekwisha, mama. Wenzangu wanangoja."

Hazikuwa zimekwisha. Mnara, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, aliinua nyusi.

Asubuhi iliyofuata gatini, Sisimizi alisimama mbele ya pacha wake na kusema haraka, "Pacha wangu, nisome." Mnara alimtazama macho, masikio, akamwambia afungue mdomo, akasema, "Aa, naona mpaka jana ulikula nini." Kisha akainama kwenye soksi. Alipoivuta alikutana na plasta.

"Hii nini?"

"Nimejikwaruza. Kidogo tu. Usipige kelele."

"Wapi?"

Sisimizi aliushika mkono wa Mnara, wenye penseli. "Tafadhali. Ukiandika si mzima nitakaa pwani, na zimebaki siku tano. Nani atampandikiza Mdogo Wangu? Wewe ni rafiki yangu au si rafiki yangu?"

Mnara aligeuka kumtazama Sista, aliyekuwa mbali kidogo akimkagua mvulana mwenye kikohozi. Akageuka tena. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na mzaha.

"Kikivimba utasema?"

"Nitasema."

Mnara akaandika: mzima. Herufi zake zilikuwa ndogo kuliko siku zote.

Siku ile kidonda kiliwasha. Siku iliyofuata kilivimba, kingo zake zikawa nyekundu na zenye joto. Mnara aliuliza, naye akajibu, "Ni plasta tu inabana." Gatini Sisimizi hakumpa hata nafasi ya kuivuta soksi. Alijikaza kisabuni, akacheka pale wenzake walipocheka. Jioni mama alipouliza leo umemshukuru nani, alisema jina la kwanza lililomjia mdomoni. Alikuwa amelitaja bila kumshukuru mtu huyo. Alianza kuiogopa simu ile aliyokuwa akiingoja kwa hamu, na chakula kikawa hakina ladha. Ukiona mtoto anakwepa kuongea na mama yake, jua kuna kitu.

Siku ya kumi na tano aliamka na mtoki. Pale penye mkunjo wa paja palikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa, na kila hatua ilimchoma. Kichwa kilikuwa kizito. Alipovaa nguo baridi za kuogelea, mwili wote ulitetemeka, na haukuacha hata jua lilipopanda.

"Unachechemea," Mnara alimwambia gatini.

"Nimelalia mguu vibaya."

"Sisimizi, niangalie. Una homa."

"Siku tatu tu zimebaki. Andika, tafadhali. Ya leo tu, sitakuomba tena."

Mnara aliandika. Lakini safari hii alimwambia, "Leo siendi mbele yako hata hatua moja." Na hilo neno ndilo lililomwokoa mtoto wa watu.

Kitaluni maji yalikuwa tulivu. Sisimizi alielea juu ya namba arobaini na moja, mswaki mkononi, akaanza kusugua. Mara kamba moja ikawa mbili. Baridi ilimpanda kutoka miguuni hadi kifuani, mguu wenye kidonda ukakaza ghafla kama ubao, na mswaki ukamtoka mkononi ukaenda zake chini. Alitaka kuinua kichwa, hakukumbuka kichwa kinainuliwaje. Maji yaliingia kwenye mrija. Alikohoa, akavuta maji mengine.

Kisha mkono ukamshika jaketi mgongoni, ukamgeuza chali kama samaki, na sauti ikasema juu ya sikio lake, "Tema. Tema tena. Nimekushika." Mnara alikuwa ameinua mkono mwingine juu kabisa, akiupunga, na mkono ule mrefu ulionekana mpaka mashuani. Nahodha alifika, akamvuta Sisimizi kwa mkanda wa jaketi, akamlaza kwenye sakafu ya mashua na kumfunika kwa koti lake mwenyewe lililonuka dizeli.

Mkuu wa kambi, aliyekuwa humo mashuani, kwa kawaida alikuwa mpole, mtu wa kuhesabu vichwa vya wanafunzi mara mbili kabla ya kuondoka. Alimvua Sisimizi soksi. Plasta ilikuwa imelegea kwa maji, na chini yake kidonda kilikuwa na usaha. Aliangalia kidonda, kisha akauchukua ule ubao mweupe.

"Nani amemsoma huyu leo?"

"Mimi," alisema Mnara. Maji yalikuwa bado yanamtiririka kidevuni.

"Umeandika mzima. Hukumvua soksi?"

Mnara alimtazama Sisimizi pale sakafuni, kisha akatazama miguu yake mwenyewe. "Sikuangalia vizuri, Mwalimu. Ni uzembe wangu."

"Uzembe." Mkuu aliuweka ubao chini. "Mwenzako amekaribia kuzama. Pacha asiyeangalia siwezi kumruhusu majini tena. Na leo hii nitaiandikia shule yako."

Injini ya mashua iliwaka. Sisimizi alilala chini ya koti, meno yanagongana, na akaona jinsi mambo yalivyokuwa yamejipanga yenyewe. Akikaa kimya, ni Mnara asiyeangalia. Yeye ni mgonjwa wa kuhurumiwa tu. Hakuna atakayejua kuhusu tumbawe lililovunjika. Hakulazimika kusema uongo wowote mpya, kunyamaza tu kungetosha. Mkono uliomgeuza chali ulikuwa umeshika ukingo wa mashua karibu na uso wake, vidole vimekunjamana kwa kulowa.

Leo umemshukuru nani? Swali lile lilimjia kwa sauti ya mama yake, na nyuma ya sauti akasikia hata cherehani.

"Si kweli," alisema.

Nahodha alipunguza mwendo ili asikike.

"Si kweli, Mwalimu. Siku ya kwanza aliangalia, akaona. Mimi ndiye niliyemwomba aandike mzima. Leo pia nimemwomba. Na nilipoumia nilikuwa nimesimama juu ya matumbawe. Nilivunja moja. Niliogopa kwamba sitapandikiza." Akavuta pumzi. "Yeye ndiye aliyenishika. Asingekuwa yeye..."

Mnara alikuwa akilia bila sauti, huku anajaribu kujifanya anafuta maji ya bahari.

Sista aliwapokea gatini. Alimpeleka Sisimizi moja kwa moja kituo cha afya, na daktari akasema wangechelewa siku mbili tatu zaidi, mguu ungewaletea maneno mengine. Kidonda kilioshwa kwa maji mengi ya dawa na kusuguliwa mpaka ndani, na Sisimizi alimkamata Sista mkono kiasi cha kumwachia alama za kucha. Vilitoka vichembe vyeupe kama mchanga.

"Unaviona hivi?" Sista alimwonyesha kwenye pamba. "Ni vipande vya lile tumbawe. Vilibaki ndani, na wewe ukavifunika kwa plasta. Kidonda hiki kingeoshwa siku ile ile, ningekuweka pwani siku tatu au nne. Unajua siku nne baada ya siku ile ni lini?"

Sisimizi alihesabu kwa vidole. Ingekuwa siku ya kumi na sita. Siku mbili kabla ya kupandikiza.

"Ungekuwa majini, mzima, na kipande chako mkononi," Sista alisema bila ukali. "Sasa sikuruhusu tena mpaka urudi kwenu. Ulificha ili usiikose siku ile, na kuficha ndiko kulikokunyima. Kumbuka hilo utakapokuwa mtu mzima, maana watu wazima nao huja kwangu na vidonda vya wiki mbili."

Kumeza dawa ilikuwa rahisi. Kupiga simu ndiko kulikokuwa kugumu. Sisimizi alimweleza mama yake yote, kuanzia mkanda wa miwani mpaka koti la nahodha. Upande wa pili cherehani ilinyamaza.

"Mama?"

"Nipo," mama alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nimekaa tu. Huyo aliyekushika yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Mnara aliipokea simu kwa mikono miwili na kusimama wima kama yuko mbele ya darasa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina maneno mawili. La kwanza, umenirudishia mtoto. Sina mwingine. Mungu akuongoze kila uendako. La pili nakugombeza, na usinune: siku nyingine rafiki yako akikuomba umfichie ugonjwa, mkasirishe. Akununie wiki nzima. Nitakushonea gauni hapa, vipimo nitavipata kwa mwanangu."

"Mimi mrefu sana, mama," Mnara alisema akijifuta pua.

"Nitaongeza kitambaa."

Mkuu wa kambi aliwaadhibu wote wawili: kwa siku mbili walisuuza miwani na mirija ya watu ishirini kwenye mapipa ya maji baridi. Lakini barua ya shule ya Mnara aliichana, akaandika nyingine. Na jioni ya kuamkia siku ya kumi na nane aliwaita.

"Mnara atashuka kesho, na pacha wake nitakuwa mimi," alisema. "Sisimizi, wewe utakaa mashuani na daftari. Kila kipande kinachopandikizwa lazima kiandikwe namba, mahali na mtu aliyekipanda. Ukikosea mstari mmoja, mwakani hatutajua nani amekufa na nani amekua. Nataka mtu atakayeandika kilichopo, si anachokitaka. Utaweza?"

"Nitaweza, Mwalimu."

Kwa hiyo siku ile aliyoihesabu sana, Sisimizi hakugusa maji hata kwa kidole. Alikaa kwenye ubao wa mashua, mguu umefungwa kwa plastiki, daftari mapajani. Ilimuuma, siwezi kusema haikumuuma. Wenzake walishuka mmoja mmoja, wakaibuka wanacheka, wakamtajia namba naye akaandika. Mnara alishuka mara mbili. Mara ya kwanza aliibuka akatema mrija.

"Arobaini na mbili, mwamba wa tatu, upande wa kulia. Shemeji amefika kwake."

Mara ya pili alikaa chini muda mrefu kidogo. Alipoibuka, alishika ukingo wa mashua na kumtazama.

"Arobaini na moja, mwamba wa tatu, kando ya arobaini na mbili. Nimemkaza vizuri. Andika aliyepanda."

Sisimizi aliandika jina la Mnara, jina lake kamili la shuleni, kwa mwandiko wake bora kuliko yote. Mnara akasoma, akatikisa kichwa, lakini Sisimizi hakubadilisha. Ndivyo ilivyokuwa. Jioni mama alipouliza leo umemshukuru nani, orodha ilikuwa ndefu: nahodha kwa koti, Sista kwa alama za kucha, mpishi kwa uji alioupeleka kitandani, Mkuu kwa daftari, Mnara kwa yote. Wenzake kwenye foleni walianza kulalamika, na kwa mara ya kwanza dakika zake zilikwisha kweli.

Kambi ilipokwisha, baada ya siku mbili za basi, Sisimizi alimkuta mama yake kituoni tangu alfajiri, ingawa basi lilitarajiwa mchana. Mama alimshika tu, akamwachia, akamshika tena. Nyumbani, kabla hata begi halijafunguliwa, Sisimizi alisimama katikati ya chumba cha cherehani, akavua viatu, akashusha soksi mwenyewe.

"Mama, nisome."

Mama alimkagua toka utosini hadi unyayoni, taratibu, kama anakagua mshono. Kovu lilikuwa jekundu bado, lakini limefunga. Alipita juu yake kwa kidole.

"Sasa zamu yangu," Sisimizi alisema. Akamtazama mama macho, masikio, akamwambia afungue mdomo. Alipofika mikononi, mama alirudisha mkono wa kushoto nyuma.

"Huo pia, mama."

Kidole cha shahada kilikuwa kimezungushiwa kitambaa, kimevimba.

"Sindano," mama alikiri, akitazama pembeni. "Jioni ile uliponieleza habari za mguu. Nikaona nisikutie wasiwasi."

Walitazamana. Kisha mama akacheka, kicheko kilichochanganyika na machozi, akaketi kwenye kigoda chake.

"Haya, tumefanana," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Mimi ni mama wa hofu, na mtoto wa mama mwenye hofu hujifunza kuficha ili asimwogopeshe. Lakini mimi naogopa zaidi nisilolijua. Ukiumia, sema siku hiyo hiyo. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Na usimbebeshe rafiki uongo wako, maana anayekupenda ataubeba, na utamwelemea. Shukrani ya kweli kwa anayekutunza ni kumwambia ukweli akutunze vizuri."

"Na wewe, mama?"

"Na mimi." Mama akafungua kitambaa. "Lete maji ya moto na chumvi. Tukishaosha twende zahanati, wote wawili. Halafu nipe vipimo vya huyo rafiki yako."

Sisimizi alifungua bati la biskuti, akatoa pamba, akaanza kukiosha kidole cha mama yake taratibu, kuanzia ndani.